Ukurasa Niliokuficha

Bakari,

Wenzangu wakiandika barua huanza na salamu, kisha hali, kisha wanaulizana habari za mvua. Mimi leo salamu sina. Nimezitafuta tangu asubuhi nimezikosa, nimekuta hasira peke yake, basi naanza na hiyo. Nikiimaliza nitatazama kama salamu zimebaki.

Niko chumba cha ufuta, nimekaa juu ya gunia, naandikia mgongoni mwa ungo. Jua bado liko juu ya paa la jirani. Wewe uko uani na babako mnafunga sanduku lako. Nakusikia. Umesema "Vuta, Baba," yeye kavuta, kamba imekatika, mmecheka. Kutoka hapa nilipo mpaka hapo ulipo hata kuku hachoki, na ningeweza kutoka nikakuambia haya yote kwa mdomo. Sitaki. Tangu Alhamisi sijataka kusema na wewe. Nikifungua mdomo nitakutukana mbele ya babako, halafu nitalia, halafu wewe utaona machozi utadhani nimekwisha kukusamehe. Karatasi ina adabu kuliko mimi. Babako atakupa barua hii ukishakula, uisome kabla hujalala, maana kesho ina kazi.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya tumbo, ya nani atakupokea Lindi na nani umsalimie kwanza, mjomba wako Athumani kakueleza mara tatu na wewe umeitikia mara tatu. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni la Alhamisi.

Alhamisi tulikwenda Likunja, ukoo mzima, kwa ajili yako. Mtoto wetu wa kwanza kwenda shule ya ualimu. Bibi yako alitwanga mtama wa tambiko mwenyewe, na bega lake unalijua lilivyo, akakataa mtu yeyote asiguse mchi. Akabeba kikapu mpaka makaburini, akapiga magoti kwa mama yake na kaka zake, akachota unga, akaanza kuwaita kwa majina. "Mtoto wenu anasafiri," akasema, "mfungulieni njia." Na wewe, umesimama nyuma yake na viatu vyako vipya, ukauliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Bibi, kwani hao wafu wanakula unga kwa mdomo upi?" Ukatabasamu. Watoto wakacheka.

Uliuona mkono wake? Mimi niliuona. Ulibaki juu, unga unavuja katikati ya vidole. Kisha akarudisha uliobaki kikapuni, akafunika, akashika goti akainuka, akaenda zake nyumbani akafunga mlango. Tukabisha. Akasema neno moja tu kutoka ndani: "Mwacheni aende." Hakufungua mpaka tulipoondoka, na wewe ukasema njiani, nilikusikia, ukasema wazee hawapendi kuulizwa.

Mjomba wako Athumani hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akatema mate. Hakuna aliyebisha, na mimi, mwenye ulimi wote huu, sikubisha.

Watu husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Loo, wewe ulimwengu uusamehe, hauna kosa. Umefunzwa na mamako! Lile swali ni langu, kila neno, hata lile tabasamu ni langu. Nilikusimulia mimi, ukiwa mdogo, tukipepeta ufuta: jinsi mamako alivyowauliza wazee makaburini wakakosa jibu. Nilisimulia kama mtu asimuliavyo alivyoua chui. Nawe ukasema, "Tena, Mama, hadithi ile tena." Sasa sikiliza. Nilikusimulia nusu. Nusu nyingine niliificha, na leo utaila, ikiwa chungu shauri yako na yangu.

Nianze mbali kidogo. Utotoni nilipelekwa madrasa, nikajua kusoma herufi za Msahafu kwa haraka kuliko wavulana wote, na sikujua maana ya hata neno moja. Siku moja nikamwuliza mwalimu, "Mwalimu, hapa Mungu anasema nini?" Alinichapa fimbo ya mgongo. "Kazi yako kusoma," akasema. "Kujua kuna wenyewe." Mwalimu yule amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na nasema Mungu amrehemu kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Moyoni bado namdai jibu lake. Miaka yote ile nilikaa mlangoni mwa kitabu nanusa chakula cha ndani.

Kisha Wazungu wakaja Nachingwea na karanga zao. Babako akaenda kuchukua kazi, nami nikamfuata, wewe unashika kanga yangu, dada yako Zuhura yuko mgongoni. Utakumbuka yale makatapila, mawili mawili na mnyororo katikati, yanakokota msitu mzima chini. Mimi nilikaanga mihogo kando ya njia ya vibarua. Wewe ulikuwa mwizi wa mihogo.

Babako alikuwa na kipande chake cha kazi, ile kadi ya kibarua, na juu ya kipande paliandikwa jina lake kwa herufi za Kizungu. Nilijua ni Selemani kwa sababu karani alikitazama ndipo akaita Selemani. Basi kila Jumapili babako akilala mchana, nakichukua kipande, nalikata lile jina: hii "se", hii "le", hii "ma", hii "ni". Nikapata herufi za kuanzia. Nikazichukua nikaenda kuzitafuta kwenye makasha ya misumari na mapipa ya mafuta. Makasha yalinichezea sana, maana yaliandikwa Kizungu, nikawa natamka mambo ya ajabu njiani peke yangu, watu wakasema mke wa Selemani ana pepo. Kibao cha duka la Mhindi ndicho kilichoniokoa. Chumvi, sukari, khanga, mafuta ya taa. Nilipoweza kusoma "mafuta ya taa" peke yangu, bila kuambiwa na mtu, nilikaa chini pale pale dukani nikacheka mpaka Mhindi akaniletea maji.

Mhindi yule alifunga chumvi kwa karatasi za vitabu. Anachana ukurasa, anaukunja kama pembe, anatia chumvi. Vitabu alivipata wapi, sikumwuliza. Kambi ile ilijaa watu wa kuja na kwenda, wakiacha vitu. Siku moja nimemimina chumvi chunguni, nikainyoosha karatasi, nikaona ni Kiswahili. Ilikuwa habari ya mzee mmoja wa nchi ya mbali, zamani sana, kabla ya Mtume na kabla ya Nabii Isa. Mzee hana viatu, mkewe mkali. Kazi yake kuzunguka sokoni anauliza watu. Anamwuliza askari ushujaa ni nini. Askari anajibu, mzee anauliza tena ndani ya lile jibu, tena, tena, mpaka askari hana pa kukanyaga. Uji wangu uliungua siku ile. Fimbo yote niliyopigwa madrasa iliniuma upya, kumbe kuna nchi mtu aliuliza akaandikwa kitabuni!

Nikarudi dukani kununua chumvi. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Babako alitazama vyungu vyote vimejaa chumvi akauliza, "Somoe, tunahamia baharini?" Nilimwonyesha karatasi. Akacheka, akasema afadhali karatasi kuliko pombe. Babako ni mtu mzuri, ndiyo maana hajawahi kunizuia jambo lolote ambalo lilistahili kuzuiwa.

Kurasa hazikuja kwa mpango. Leo napata ya katikati, wiki ijayo ya mwanzo, nyingine Mhindi kampa mtu mwingine naye kawashia moto. Nilizishona kwa uzi wa gunia, ndizo zile ulizojifunzia kusoma. Mwisho wa kitabu sikuupata. Basi nikautunga mwenyewe: watu wote walikiri kwamba hawajui kitu, wakampa yule mzee ujumbe wa nchi, yaani wakamfanya jumbe wao, naye akatawala kwa maswali mpaka uzeeni. Nilikuwa na hakika. Niliona wapi pengine pa kuishia hadithi ile?

Pembe nyingine ya chumvi ilikuja na ukurasa wa kitabu cha misheni, na ndani yake nikamkuta Yusufu. Yusufu wetu, aliyetupwa kisimani na kaka zake! Habari yake nilikuwa naijua tangu utoto, kwa mawaidha ya Ramadhani. Nilipokwenda nyumbani nikamfuata yule mwalimu wangu wa fimbo, nikampa heshima zote, nikamwuliza mbona Yusufu wetu yuko kwao. Alinifukuza uani kwake, akawaambia watu nimekula chumvi ya kanisa. Jina hilo likanishika. Nikipita, wanawake wanaitana: "Huyo, chumvi ya kanisa huyo."

Basi nikaenda kwa hao wa kanisa. Mwalimu wa misheni alinipokea vizuri, akaniwekea kiti, akanieleza Isa alivyozaliwa na mama bila baba. Akangoja nishangae. Nami sikuona la kushangaa, Bakari. Kwetu Wamwera mtoto ni wa mama na wa wajomba. Baba ni mgeni mwema. Nikamwuliza, "Na mjomba wake alikuwa nani?" Akadhani namdhihaki. Wallahi sikumdhihaki, nilitaka kujua nani aliyemwoza, nani aliyemlilia. Akafunga kitabu. Akasema nirudi siku nikiwa na moyo wa unyenyekevu. Nikatoka pale nimekasirika, na nimefurahi pia, hilo ndilo baya. Nilihesabu moyoni: mmoja kafukuza, mmoja kafunga kitabu. Nikajiona mimi ndiye yule mzee wa sokoni.

Hapo ndipo nilipoharibika, na sikujua. Nilianza kuuliza ili nione uso wa mtu ukianguka. Nikamwuliza kungwi wa unyago, nikamwuliza nesi, nikamwuliza muuza tumbaku. Jibu lenyewe sikulihitaji. Kuuliza si ujinga, watu husema, na ni kweli. Lakini kwangu kulikuwa kumegeuka kuwa kipigo, na fimbo ile ya mwalimu nilikuwa nimeishika mimi sasa.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Mtama ukakaukia ardhini. Ukoo ukaitana Likunja kutambika, nami nikaenda kutoka Nachingwea kwa miguu, nimefunga kurasa zangu kwenye kanga. Mama yangu akapiga magoti pale pale ulipomwona Alhamisi, akachota unga, akaita majina yale yale. Nikauliza. Unalijua swali. Mama akanyamaza. Wazee wakanyamaza. Mimi nikacheka, nikawatazama mmoja mmoja, nikaona nyuso zimeanguka, nikageuza mgongo nikaondoka kabla hata unga haujafika chini. Hiyo ndiyo nusu niliyokusimulia. Hapo ndipo nilipokuwa nasema "wakakosa jibu," nawe unapiga makofi.

Nusu ya pili ni hii.

Haukupita mwezi, Zuhura akashikwa na surua. Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, maana miaka mingi hukutaka kulala upande ule wa kitanda. Siku ya nne alikufa, saa ya adhuhuri, kichwa kwenye paja langu. Habari ya makaburini ilikuwa imekwisha kufika kambini mbele yangu. Nusu ya watu pale walikuwa wa kwetu. Wanaume walikuja wakachimba na kuswali, kwa sababu ya babako, na kwa sababu jeneza la mtoto wa Kiislamu halikataliwi. Wanawake hawakuja, kwa sababu yangu. Wewe unajua msiba wa kwetu ulivyo: jirani anakuja na unga, anakuja na kuni, anakaa, anatwanga, analia na wewe hata kama jana mligombana. Hakuja mtu. Mwanangu nilimwosha peke yangu. Nilisikia mmoja anapita nje anasema, taratibu lakini nisikie, "Msiba wa kujitakia hauna kilio."

Jina lake nalijua. Siandiki, maana yuko hai na mimi bado namchukia, na sitaki wewe ubebe hiyo.

Siku tatu tulikaa, babako, mimi na wewe, tunakula mihogo ya jana. Siku ya tatu jioni mlango ukafunguka. Mama yangu. Ametembea kutoka Likunja mpaka Nachingwea, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, kikapu kichwani. Hakunisalimu. Akatua kikapu, akauliza kinu kiko wapi. Akatwanga. Akapika. Akatoka akawaita wale wachimba kaburi mmoja mmoja, wakaja wakala, na wanaume walipokuja kula, wake zao wakaona haya wakaanza kuja na kuni. Mama yangu aliziba aibu yangu kwa mikono yake, na mimi ndiye niliyemvua nguo mbele ya ukoo.

Asubuhi yake alichukua unga uliobaki akaenda kaburini kwa Zuhura. Nikamfuata. Akapiga magoti, akachota, akanitazama. Akasema, "Haya. Niulize sasa."

Sikuweza.

Akasema, "Niulize, Somoe. Ulikuwa unauliza vizuri sana mbele za watu."

Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Sitaki msamaha, nataka swali. Siku ile hukungoja. Uliuliza ukageuza mgongo. Ungekaa ningekujibu." Akamwaga unga polepole, akapangusa mkono kwenye kanga. "Mimi sijui kama wanakula. Nani kakuambia najua? Mama yangu naye alisema hajui. Huwa nafika hapa, naita, nasikiliza. Sijawahi kusikia kitu. Lakini huyu alikuwa anapenda uji wangu, na mimi nisimletee?"

Ndivyo alivyosema. Nimeyaandika kama nilivyoyasikia, sikuongeza chumvi, nimekoma kununua chumvi.

Sijui kama unaelewa, Bakari, mimi mwenyewe ilinichukua muda. Nilitembea nchi nzima natafuta mtu wa kuniambia "sijui" bila kunichapa na bila kunifukuza. Mwalimu wa madrasa hakuweza, wa misheni hakuweza. Mtu huyo alikuwa amenizaa. Tena alikuwa amekwisha kufikiri swali langu kabla mimi sijazaliwa, akakaa nalo, akashinda njaa nalo, akazika nalo. Nami nikamrushia usoni kama nimelivumbua.

Baada ya hapo Wazungu wakachoka na karanga, kambi ikaanza kufungwa. Nilikwenda kumuaga Mhindi. Alikuwa anafunga mizigo. Akainama chini ya meza akatoa kurasa chache zenye jalada la nyuma, akasema, "Mama Bakari, mnunuzi wangu wa chumvi, chukua. Hizi sikuzichana." Kumbe alijua siku zote! Nikazisoma njiani, nimesimama. Mwisho wa yule mzee haukuwa ujumbe. Watu aliowauliza walimshitaki, wakasema anaharibu vijana na anadharau miungu ya mji, wakamnywesha sumu. Nilimtukana, Bakari. Nilimtukana mzee wa watu aliyekufa zamani, nikamwambia, ungeniambia mapema! Na ukurasa wa mwisho kabisa, miguu yake imekwisha kufa ganzi, anafunua uso anamwambia rafiki yake kuna sadaka ya jogoo hatujaitoa, msisahau kuitoa. Ndilo neno lake la mwisho. Yule muulizaji wa wote, jogoo! Wala hakuna rafiki aliyemwuliza jogoo ataliwa kwa mdomo upi.

Ukurasa huo ndio niliokuficha. Nilipokufundisha kusoma, nilikupa kurasa zote nilizozishona, na mwisho nikakupa ule uongo wangu wa ujumbe wa nchi. Kwa nini? Niliogopa. Nilikuona una macho makali, unauliza kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini Wazungu hawavui viatu, na niliona ukijua kwamba waulizaji hunyweshwa sumu utanyamaza kama wengine. Nilitaka mtoto asiyeogopa. Nimempata! Nimepata mtoto asiyeogopa hata kumvunja bibi yake aliyemlea miaka miwili baada ya msiba, nikiwa sina akili ya kulea mtu. Nakukasirikia wewe, na nikikugeuza nione umetengenezwa na nani najikuta mimi.

Nimeuweka ukurasa ule ndani ya sanduku lako, ndani ya shati jeupe. Usome. Hauna mafunzo yaliyoandikwa chini yake, ni karatasi tu, ina doa la mafuta ya taa.

Huko uendako vitabu vina majalada mbele na nyuma. Utavisoma vingi, vya dini hii na dini ile, na vya watu wasio na dini, na watakufundisha kwa Kizungu maneno ya kuwaulizia watu. Jifunze yote. Sikukatazi hata moja, na mjomba wako akija kukuambia uache kuuliza, mwambie mamako kasema hapana. Ila mimi nilisoma peke yangu, bila mtu wa kuniambia "ngoja, hapo bado," na nilidhani kurasa nilizonazo ndizo kitabu. Na wewe Alhamisi ulidhani hivyo hivyo.

Wala sikuambii uamini unga. Usinielewe vibaya ukaenda kule na uso wa unafiki. Bibi yako ataunusa toka mlangoni. Mimi mwenyewe mpaka leo naswali swala zangu tano, nakwenda na unga makaburini, nalala na maswali, na sijui vitu hivi vitatu vinakaaje nyumba moja. Vinagombana. Nimeviacha vigombane.

Basi kesho. Lori la Lindi linapakia Ruangwa, na dereva hangoji mtu. Mjomba wako anataka uondoke na jogoo la kwanza uwahi nafasi ya mbele. Mimi nasema hivi: ukitoka hapa alfajiri, ushike njia ya Likunja. Bibi yako anaamka mapema. Usimwombe msamaha mlangoni, atakukatalia kama alivyonikatalia mimi. Vua hivyo viatu. Kaa chini, kwenye vumbi, na suruali hiyo hiyo mpya. Halafu muulize tena swali lile lile, neno kwa neno, mkiwa wawili tu. Na safari hii umngoje.

Atakawia. Mtu wa umri ule hajibu haraka, tena wewe umemuumiza, atakusukuma kwanza kwa kazi: atakutuma maji, atakuambia ushike mchi. Shika. Tutasikia lori likipiga honi, babako atakwenda mbio barabarani, mjomba wako atanitukana matusi yote ayajuayo. Waache watukane. Lori likikuacha litakuja jingine wiki nyingine, na shule ikikukemea kwa kuchelewa, vumilia kukemewa. Bibi yako hana wiki nyingine ya kuaminika. Lile bega sasa linamwuma mpaka shingoni, wewe hukuliona kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yake.

Jua limeshuka, sioni mistari vizuri. Umeacha kucheka huko nje, naona kamba imekubali. Hasira nimeitafuta hapa chini ya karatasi nimeona bado ipo, lakini imekuwa ndogo, inaweza kulala.

Salamu nilikuahidi, nimekosa. Nyumba hii hazimo. Ziko Likunja, ndani ya kikapu kilichofunikwa Alhamisi. Kazichukue mwenyewe.

Mamako,
Somoe